Ni pumu ya ngozi, fangasi au upele?

SWALI: Mwanangu wa miaka 3 anajikuna sana kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Nimempaka dawa ya fangasi wiki mbili bila nafuu. Jirani amenipa krimu yake ya mchanganyiko, anasema inamaliza kila kitu. Nimpake? Na wenzake waendelee kulala naye?

JIBU: Usimpake, mama. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Kama ni fangasi, muwasho hutulia siku chache huku ugonjwa ukisambaa chini kwa chini, na duara la kwenye ngozi ambalo lingemsaidia daktari kuutambua linafutika.

Mahali ulipopataja panaelekeza zaidi kwenye pumu ya ngozi. Tazama kingo. Fangasi huchora duara lenye ukingo ulioinuka na kubanduka magamba, katikati pakiwa na nafuu. Pumu ya ngozi haina mpaka wa kueleweka: ngozi ni kavu, inakwaruza ukiipapasa, na ikikunwa muda mrefu huwa nene na mistari yake hujitokeza. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu unaoandikwa vitabuni. Tafuta kijivu, zambarau au weusi uliozidi.

Upele unaoletwa na vijidudu vya ngozi (scabies) nao una dalili zake. Muwasho huzidi usiku, vipele hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Hapo kumtibu mtoto peke yake ni kazi bure. Wote hutibiwa siku moja.

Ikiwa ni pumu ya ngozi, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu dakika 5 hadi 10, kwa sabuni isiyo na manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo bila kusugua, kisha mpake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Wengi hupaka kidogo mno: mtoto mwenye pumu ya ngozi mwilini kote anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki, na huo si ubadhirifu. Ikichachamaa, mhudumu wa afya anaweza kumwandikia hidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu. Krimu yenye urefu wa pingili ya mwisho ya kidole chako cha shahada inatosha eneo la viganja vyako viwili, vidole vikiwemo.

Ukiona usaha, vigaga vya rangi ya asali, au malengelenge yanayouma pamoja na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kulala: pumu ya ngozi haiambukizi. Fangasi na upele huambukiza, kwa hiyo hadi apimwe, alale peke yake na awe na taulo lake.