Fremu 30 au 60? Namna ya kupanga kamera kabla ya kuwasha pikipiki

Wengi huchagua fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha ambazo kamera hupiga kila sekunde, kana kwamba namba kubwa ndiyo bora. Kwenye pikipiki mambo hayako hivyo. Video huwa laini au hurukaruka kwa sababu ya vitu viwili vinavyokwenda pamoja: idadi ya fremu na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Ukipanga cha kwanza halafu cha pili ukaiachia kamera, umefanya nusu ya kazi.

Kwa mwenye haraka: mchana wa jua kali bila filta, rekodi fremu 60. Ukiwa na filta ya ND, ile miwani ya jua ya lenzi, 30 inatosha na mara nyingi inapendeza zaidi. Usiku, 30. Fremu 24 waachie wanaorekodi wakiwa wamesimama kando ya barabara. Fremu 120 ni za slomosheni tu.

Sasa sababu zake. Pikipiki inayokwenda kilomita 90 kwa saa inapita mita 25 kila sekunde. Kwa fremu 30, kati ya picha moja na inayofuata umeshasogea sentimita 83. Kwa fremu 60 ni kama sentimita 42. Barabara iliyo mbali mbele yako haionyeshi tofauti kubwa, kwa kuwa kitu cha mbali husogea kidogo kwenye picha. Shida iko pembeni: nguzo, nyasi, ukingo wa daraja, mistari ya lami karibu na gurudumu. Lenzi pana za kamera ndogo za kuvaa huvuta vitu hivyo kwenye kingo za picha, navyo hupita kwa kuruka, hapa, kisha pale, bila kitu katikati. Jicho linachoka kabla mtazamaji hajajua kinachomchosha.

Kinachoziba pengo hilo ni mchirizo. Shata ikikaa wazi muda wa kutosha, nguzo inayopita inaacha mfifio mdogo unaoiunganisha fremu moja na nyingine. Kanuni ya zamani ya wapiga filamu ni shata yenye muda wa nusu ya fremu: fremu 30 kwa 1/60 ya sekunde, fremu 60 kwa 1/120. Tatizo ni kwamba kamera nyingi ndogo hazina tundu la lenzi la kupunguza. Tundu limekazwa pale pale, karibu f/2.8 (namba ya upana wa tundu, ikiwa ndogo tundu ni wazi zaidi) au hata wazi zaidi, kwa hiyo jua likiwaka njia pekee iliyobaki ni kukimbiza shata. Kwa f/2.8 na ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga) kwenye jua kamili, mwanga sahihi unataka shata ya takriban 1/3200. Hapo kila fremu imekatwa kama kwa wembe, hakuna mchirizo hata chembe, na fremu 30 lazima zirukeruke. Ndiyo maana bila filta nasema nenda 60: hutapata mchirizo, lakini pengo limepungua nusu.

Filta hubadilisha hesabu. ND8 hupunguza mwanga mara 8, ND16 mara 16, ND32 mara 32. Ile 1/3200 ikipita kwenye ND16 inakuwa 1/200, na kwa ND32 inakuwa 1/100. Siku ya mawingu, ND4 au ND8 yatosha. Ukiangalia kanuni, utasema ND32 ndiyo jibu. Kwa pikipiki ninabisha. Kamera karibu zote sasa zina utulizaji wa picha wa kielektroniki, unaofanya kazi kwa kukata na kusogeza kila fremu ili mtikisiko usionekane. Utulizaji huo unaweza kuusogeza upeo wa macho urudi mahali pake, lakini hauwezi kuufuta mfifio ulioingia wakati kamera inatikiswa. Matokeo yake ni ya ajabu: picha imetulia, lakini kila baada ya muda inakuwa na ukungu kisha inakaa sawa, kama mtu anayefikicha macho. Kwa hiyo utulizaji ukiwa umewashwa, lenga shata kati ya 1/120 na 1/240. ND16 kwenye jua inakuweka hapo hapo. Ukitaka 1/60 halisi, zima utulizaji na ufunge kamera mahali pasipotikisika.

Mahali hapo mara nyingi ni kidevuni mwa helmeti. Shingo na mwili humeza mitikisiko mingi kuliko kishikizi chochote cha usukani. Injini ya silinda moja kwenye mizunguko 6000 kwa dakika inatikisika mara 100 kwa sekunde, na kihisi cha kamera husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kamera ikitikiswa wakati usomaji unaendelea, mistari ya juu na ya chini haikai pamoja, na barabara inacheza kama uji. Kuongeza fremu hakuponyi ugonjwa huu. Filta nayo inaubadilisha sura tu: badala ya uji unapata ukungu. Hamisha kamera, au weka mpira mzito kati ya kishikizi na chuma. Simu kwenye usukani ni jambo baya zaidi: mwaka 2021 Apple ilitoa onyo kwamba mitikisiko ya injini kubwa za pikipiki inaweza kuharibu mfumo wa utulizaji wa lenzi za iPhone.

Usiku fremu 60 zinakudhulumu mwanga. Shata haiwezi kukaa wazi kuliko muda wa fremu yenyewe, kwa hiyo kikomo ni 1/60, wakati fremu 30 zinaruhusu 1/30, yaani mwanga mara mbili. Bila huo mwanga kamera inapandisha ISO, na picha inajaa chenga. Funga ISO isizidi 1600 na ukubali giza kidogo. Kisha kuna taa zinazopepesa. Penye umeme wa 50 Hz, taa nyingi hupiga mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 inameza mapigo kamili na kupepesa kunaisha, hata ukiwa kwenye fremu 30. Penye 60 Hz ni 1/60 au 1/120. Hii ni rahisi kuliko kuhamia fremu 25 kwa ajili ya taa tu, kwa kuwa 25 ndani ya mradi wa kuhariri wa fremu 30 hulazimisha fremu zirudiwe, na utaona kakwamo kadogo mara 5 kila sekunde. Taa za LED za magari haziko kwenye hesabu hii. Hizo zitapepesa zitakavyo. Na filta ivue kabla jua halijazama, maana kwenye giza haina kazi.

Slomosheni ni kugawanya tu. Fremu 60 kwenye mradi wa 30 hupunguza mwendo mara 2, na 120 mara 4. Katika mradi wa 24, fremu 60 zikichezwa kwa mwendo wa kawaida zinagoma kugawanyika, 60 kwa 24 ni 2.5, na kigugumizi kinaonekana kwenye kila kona. Amua mradi kwanza, kamera baadaye. Kabla ya kuamua, kumbuka kwamba YouTube huonyesha fremu 60 kuanzia 720p kwenda juu. Mwenye mtandao dhaifu anayetazama kwa 480p atapata 30 hata ukijitesa vipi.

Mateso yenyewe ni nafasi na joto. Kamera ikiandika megabiti 60 kwa sekunde, hiyo ni GB 27 kwa saa. Megabiti 100 ni GB 45. Kadi ya GB 64 itakaa zaidi kidogo ya saa mbili kwa kiwango cha kwanza, na saa moja na dakika ishirini na kitu kwa cha pili. Kadi yenye alama ya V30 inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, nayo inatosha kwa vyote viwili. Chunguza pia kama kamera inaongeza megabiti ukipanda kutoka 30 kwenda 60. Isipoongeza, kila fremu inapewa chakula kidogo, na majani na changarawe huvunjika kuwa vipande vya mraba. Fremu jirani zinafanana, kwa hiyo ubora haushuki nusu kamili, ila msituni utauona. Joto nalo: 4K kwa fremu 60 hupozwa na upepo mkiwa mwendoni, lakini foleni ya dakika kumi juani inaweza kuizima kamera.

Anayerekodi kwa ajili ya ushahidi apuuze nusu ya haya: fremu 60, bila filta, shata ikimbie. Pleti namba iliyovutika haisomeki, na fremu nyingi ni nafasi nyingi za kupata moja iliyo wazi.

Jambo moja zaidi kwa wanaomrekodi mwenzao kutoka pembeni. Gurudumu la inchi 17 lina mzingo wa karibu mita 1.9, na rimu ya mikono mitano ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa inapitisha mkono mara 58 hivi kwa sekunde. Kwa fremu 30 au 60 gurudumu litaonekana likirudi nyuma taratibu. Mkifika 90 litaanza kwenda mbele. Kamera haijaharibika. Weka filta, shusha shata hadi 1/60 kwa fremu 30, na mikono ya rimu itayeyuka kuwa duara.