Muulize Shangazi: Tulifika Mgahawani Wakikaribia Kufunga

SWALI: Shangazi, shikamoo. Wiki iliyopita tulipata wageni wawili kutoka Morogoro, tukawapeleka mgahawa mmoja hapa Tabata. Tulifika saa nne kasorobo usiku, na mlangoni pameandikwa wanafunga saa nne. Mhudumu alitukaribisha vizuri, tukaagiza kuku wa kuchoma na ndizi. Chakula kilikuja saa nne na nusu. Ndiyo kwanza tunanawa mikono, wenzake wakaanza kupandisha viti juu ya meza na kupiga deki, feni ikazimwa. Mume wangu alikuja juu, akasema mteja ni mfalme. Mimi niliona haya mbele ya wageni. Nani mwenye kosa?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Niliuza chakula Magomeni miaka mingi, kwa hiyo hili nalijua kutokea jikoni.

Ikikaribia saa ya kufunga, mpishi ameshaacha kuongeza mkaa. Mafuta ya kukaangia yameepuliwa yapoe yachujwe, masufuria yamelowekwa, wa kaunta anahesabu mauzo. Hapo ndipo linaingia agizo la kuku wa kuchoma! Moto unachochewa upya, na kuku huyo hawezi kuharakishwa, maana akitoka na damu mfupani mtaumwa matumbo. Mkishaondoka bado kuna vyombo, jiko na sakafu. Mhudumu anayelala Mbagala atatoka hapo daladala zimepungua, na bodaboda atamtajia bei ya usiku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kazi ya kuanzia saa mbili usiku iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Wahudumu niliowafahamu mimi, wengi hawakuwahi kuiona nyongeza hiyo. Inaniuma mpaka leo.

Hata hivyo, kosa la kwanza ni la mgahawa. Mwenye nao alipaswa kupanga saa ya oda ya mwisho, na mhudumu awaambie mapema: kuku hatuwezi, kuna wali na samaki. Wakishapokea agizo lenu, wawaache mle kwa heshima. Kumpigia mgeni deki miguuni ni kumfukuza, na hapo mumeo ana haki ya kukasirika.

Ila nanyi, kwa saa ile, mngeuliza kabla ya kuvuta viti: "Jiko bado lina moto? Kipi kimeshaiva?" Mle hicho kilichopo. Bili mlipe chakula kinapoletwa, ili wa kaunta afunge hesabu zake. Kama hamu ya kuku ni kubwa, waambieni wawafungie mkale nyumbani. Wageni wenu wangekaa sebuleni kwa raha mpaka usiku wa manane bila mtu kuwatazama saa. Na mkila palepale, mkimaliza mnanyanyuka. Soda ya pili mtainywa kwenu.

Baba watoto akitaka kulalamika, aende mchana amwone mwenye mgahawa au meneja, asimgombeze yule kijana. Na mkipita tena, yule aliyewakaribisha mpeni chochote cha nauli, maana usiku ule alichelewa kwa ajili yenu.