Kupulizia maji intakula ya Subaru, niliyojifunza baada ya kuunguza waya

Vijana wa turbo habari zenu, hii nawaandikia nyie ambao Forester au Impreza ndo kwanza imetoka bandarini na mmeshaanza kuulizia vidude vya kuongeza. Yangu mimi ni Forester SG5, intakula (ile kama rejeta ndogo inayopoza hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini) imekaa juu ya injini chini ya lile tundu la boneti, na kama unaishi Dar shida yake unaijua: umeganda foleni nusu saa, joto lote la injini linapanda linaikalia, barabara ikifunguka unakanyaga gari nzito kama imebeba saruji. Sio ugonjwa huo. Hewa ikiingia ya moto injini inataka kugonga, yaani mafuta yanajilipukia yenyewe, kompyuta ikisikia inarudisha taimingi nyuma, inachelewesha cheche ya plagi ili kuilinda, nguvu ndo inapotelea hapo. Na gari hizi za soko la Japani nyingi zilipangwa kwa petroli ya oktani 100 (oktani ndo kipimo cha petroli kuhimili kugonga), ya kwetu iko chini ya hapo, kwa hiyo akiba ya kuchezea huna.

Dawa yake hata kiwandani waliijua, Subaru za STI na Mitsubishi Lancer Evolution nyingi zilitoka na kipulizio na kitufe chake kabisa. Sisi tunaunga wenyewe: pampu ya maji ya kuoshea kioo cha mbele, kidumu, mpira, nozo, rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa pampu), fyuzi, swichi. Pampu ya used inatosha.

Sasa sikilizeni hapa maana ndipo wengi wanapokosea, kinachopoza ni maji KUKAUKA, sio kulowanisha. Lita moja ikigeuka mvuke yote inaondoka na joto zaidi ya kilojuli 2,200, lita hiyohiyo ikipata moto tu kutoka nyuzi 30 mpaka 60 halafu ikadondoka chini imebeba kama 125. Mimi mwanzo niliweka nozo za kioo kama zilivyo, zinarusha mishale miwili ya maji, inapita katikati ya vibati vya intakula mpaka chini, nikawa najaza kidumu kila siku na gari ileile. Unatakiwa upate ukungu. Tafuta nozo za ukungu za bustani lakini zile za presha ndogo, za presha kubwa pampu hii haiziwezi, zitakutemea matone. Kabla hujafunga chukua boksi kavu, weka nozo kama sentimita 15 hivi, bonyeza sekunde mbili. Boksi likiwa na unyevu sawasawa kote safi, ukiona michirizi inateremka badilisha.

Upande wa umeme nilijifanya mjanja. Nikavuta waya moja kwa moja betrini bila fyuzi, eti ni kapampu tu, waya ukapita kwenye tundu la bodi bila mpira wa kuulinda, siku ya siku ukachubuka ukagusa bati na mimi niko katikati ya foleni Ubungo moshi unatoka kwenye dashibodi. Hapo ndo nilielewa utani wa fundi wangu kwamba hiyo sio intakula, ni itakula, tena itakula kwako. Kwa hiyo: fyuzi iwe karibu kabisa na betri, rilei mguu wa 30 kwenye moto uliopita kwenye fyuzi, 87 kwenye pampu, 85 na 86 ndo za swichi. Swichi iwe ya kubonyeza na kuachia kama ya honi, usiweke ya kuwasha ikabaki, utaisahau, maji yataisha na pampu itazunguka kavu mpaka ife. Haikuundwa kukimbia muda mrefu.

Kubonyeza kwenyewe ni sekunde mbili tatu unaachia, unasubiri ikauke, unarudia. Ukiilowesha chapachapa maji yanaziba njia ya upepo, umeharibu. Mimi naipenda zaidi kwenye mlima Kitonga kule Iringa, unapanda taratibu nyuma ya malori injini inachemka, kabla njia haijawa wazi napiga mara mbili. Na nozo zielekeze mbali na turbo, iko nyuma kulia kwa chini, chuma cha moto vile hakitaki maji ya baridi.

Kuna jamaa atakwambia ameunganisha simu na kompyuta ya gari, amepima na joto la hewa halishuki. Kwenye hizi Subaru ile sensa iko kule kwenye boksi la filta, kabla ya turbo, itaonaje? Nunua kipimajoto cha waya, kifunge kwenye bomba linalotoka intakula. Mimi namba ilianza kushuka kabla sijatoa kidole.

Kidumu kikiwa juu kuliko nozo maji yatajinyonya yenyewe usiku kucha, weka valvu ya springi karibu na nozo. Usitumie tenki la kioo lenye sabuni, na spiriti sahau kabisa, kuna moto pale. Maji yawe yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, ila soma chupa vizuri isije ikawa asidi. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi, yanaacha unga mweupe kwenye vibati na nozo zinaziba. Mimi huwa nazichomoa nazipuliza kwa mdomo, na juzi nimekutana na ladha ya chumvi, mdogo wangu aliazima gari wikiendi nzima.