Wadogo zangu mnaotoa dawa ya usingizi tiata, usiku wa tatu mfululizo sio sifa

Wiki hii nimemkuta dogo mmoja amekaa kwenye stuli pembeni ya mashine ya usingizi, kichwa kinaanza kuinama na mgonjwa yupo mezani tumbo wazi. Nikamgusa bega, akashtuka, akaniambia "niko macho kaka, leo ni usiku wa tatu huu", tena anatabasamu kabisa. Nampenda sana yule kijana, mikono yake mizuri kuliko yangu nikiwa umri wake, ila nilitoka pale nimekasirika. Haya makosa sisi tulishayafanya, na nyie mnayarudia vilevile utadhani yapo kwenye silabasi.

1. Mashine icheki mwenyewe kabla ya kesi ya kwanza, na sakshoni, ile ya kuvuta mate na matapishi, uisikie kwa sikio lako ikivuta, sio kumuuliza mtu "iko poa?"

2. Sirinji isiyo na lebo mwaga, hata kama unaapa unakumbuka ulichovuta.

3. Flashi kanula zote kabla mgonjwa hajatoka tiata, yaani vile vimirija vya kwenye mshipa visukumie maji ya chumvi dawa iishe ndani. Zote, hata ile usiyoitumia.

Hii namba tatu naijua hivi. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, nimetoka kwenye usiku wa sisariani tano, moja ilitoa damu mpaka tukakimbizana na benki ya damu. Asubuhi mwenzangu akaniomba nimshikie zamu nikakubali, maana enzi hizo kusema hapana niliona ni uvivu. Mchana, kesi ya tatu, dada mmoja wa apendiksi, mzima tu hana shida nyingine. Alikuwa na kanula mbili. Nikamlaza kwa kutumia ya kushoto iliyokuwa na ekstensheni, kampira ka kuirefusha, propofo ya kumlaza, ikafuata suksa ya kulegeza misuli yote, tyubu ya kupumulia ikaingia, kapnografi inayopima hewa anayotoa ikachora vizuri, nikaendelea na kanula ya kulia yenye dripu. Ile ya kushoto nikaifunga hivyohivyo, sikuiflashi. Sio kwamba nilikuwa sijui, ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu. Nilikuwa macho masaa 30 na kichwa kilishagoma zamani, mikono ndo ilikuwa inafanya kazi peke yake.

Kesi ikaisha safi, dada akaamka, nikatoa tyubu, anaongea, nikamkabidhi rikavari, chumba cha kuamkia, kwa mdomo harakaharaka huku nawaza kitanda. Baadaye nesi akamchoma dawa ya maumivu kupitia mkono wa kushoto. Suksa iliyokuwa imelala ndani ya ekstensheni ikaingia yote. Niliitwa kwa kelele. Nimefika mwili umelegea, kifua hakipandi, saturesheni, oksijeni ya kwenye damu, inashuka huku mlio wa monita unazidi kuwa mzito, na nyie mnaujua ule mlio. Nikashika maski na ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa, nikabagi. Ilikuwa dakika chache mpaka akaanza kuvuta pumzi mwenyewe, ila nilizihesabu zote.

Alipona, akaenda nyumbani. Lakini kabla hajaondoka rikavari alinishika mkono akaniambia "nilikuwa nawasikia wote, nikawa nataka kuwaambia nipo, mdomo hautii". Hakuwa amelala, mnaelewa? Alipooza akiwa macho kabisa. Nikakaa naye nikamweleza ukweli wote kwamba kosa ni langu, nikaomba msamaha, nikaandika ripoti kwa jina langu. Miaka imepita na bado nikiona ekstensheni imening'inia mkononi kwa mgonjwa naiendea bila hata kufikiri. Na kwenye makabidhiano nasema kwa sauti "kanula zote zimeflashiwa", msinione nimezeeka.

4. Usingizi. Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1997, watu waliokaa macho masaa 17 utendaji wao ulishuka sawa na mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, na wakikaribia masaa 24 ikawa sawa na asilimia 0.10 hivi. Hakuna hata mmoja wenu ambaye angekubali kumlaza mgonjwa akiwa amelewa, mngetukana kabisa mkiambiwa hivyo. Sasa mbona zamu ya kumshikia mtu baada ya usiku mzima mnaipokea? Sema "sijalala, tafuta mwingine", inatosha, huna haja ya kujieleza.

5. Nyumbani pia ni kwako. Kuna kipindi mke wangu aliacha kabisa kuniuliza narudi saa ngapi na mimi nikafurahi kwamba amenielewa kazi yangu, kumbe alikuwa ameacha kunisubiri. Kuliweka sawa hilo kulichukua muda mrefu kuliko shule ya usingizi. Siku ya ofu usiende tiata "kuchungulia" tu, mnajua wenyewe huwa mnaishia mmevaa skrabu.

Yule dogo nilimtoa kwenye kesi palepale. Akagoma kidogo, anauliza sasa nani atamuamsha mgonjwa. Nikamwambia mimi, nimelala masaa nane, nipe makabidhiano uende. Akaanza kunisomea presha na dawa alizotoa, nikamkatiza: kanula ya kushoto je?