Nilimwonyesha shangazi David wa pili

Mmeuliza: ukiwa na siku moja tu Florence, uingie makumbusho gani? Mimi sikuingia hata moja, na kosa ni langu. Shangazi yangu alikuja kunitembelea Bologna kutoka Tanga, nikampandisha treni siku ya Jumatatu. Jumatatu makumbusho ya Uffizi yamefungwa, na Accademia, anakokaa David, ile sanamu aliyoichonga Michelangelo, nayo imefungwa. Mnaoishi Italia mnacheka, najua.

Basi nikampeleka Piazza della Signoria, mbele ya Palazzo Vecchio. Pale yupo David mwingine, nakala iliyosimamishwa mwaka 1910. Mwenyewe alishaingizwa ndani tangu 1873, jua na mvua visimmalize. Shangazi akauliza, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye.

Kwanza aliinamisha macho, eti mtoto wa watu hata kanga hakupewa. Kisha ufundi ukamzidi, maana ameshona nguo miaka 30. Akafumba jicho moja, akanyoosha shubiri hewani, akapima. "Mwanangu, mkono wa kulia huu mkubwa. Fundi kakosea kipimo." Nikamweleza kwamba sanamu iliagizwa ikae juu ya kanisa kuu, itazamwe kutoka chini, na wengi husema ndiyo sababu. Hakuridhika. Nikamwambia basi na hili: jiwe lenyewe lilikuwa limeshaanzwa na mafundi wengine, likatelekezwa miaka mingi, Michelangelo akalichukua 1501 na kumaliza 1504. Hapo akanyamaza. Akatafuta ngazi, akaketi. "Kitambaa kilichokwisha kukatwa na mwenzio," akasema, "hicho ndicho kinachompima fundi." Tulikaa pale karibu saa nzima, aiskrimu ikimchuruzikia mpaka kwenye baibui, yeye hana habari.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema nakala inatosha: imesimama palepale aliposimama mwenyewe, na kuitazama ni bure. Kwa asiye na muda wala euro za kuchezea, bado nasema hivyo. Lakini mkono ule alioupima shangazi haukuchongwa na Michelangelo, na Tanga nzima imeshasimuliwa kwamba alimwona. Kwa hiyo jibu langu ni Accademia, tiketi mnunue mapema, siku yoyote isiyo Jumatatu. Akirudi nitampeleka, magoti yakimruhusu, ila sijui nitaanzaje kumwambia kuwa wako wawili.