Ulichochukua kwa baba yako

Mwanangu,

Jumapili kwenye simu uliniuliza kama huu wepesi wako wa kushtuka umeurithi kwa baba yako, na kama huyo uliye naye tumboni naye ataupata. Nikaishia kukuambia ule vizuri. Sasa nakujibu.

Baba yako unamjua: upepo ukibamiza mlango, yeye tayari kasimama. Basi huenda damu imo. Lakini damu haifanyi kazi peke yake; niliwaambia hivyo wanafunzi wangu wa baiolojia mpaka nikastaafu. Kule Montreal, Kanada, Michael Meaney na wenzake waliwachunguza panya. Vitoto vilivyolambwa sana na mama vilikua vitulivu, na hata vya mama asiyelamba, vikilelewa na mama mlambaji, vilitulia. Mwaka 2004 wakaonyesha kuwa malezi hayo huacha alama kwenye jeni, ndani ya ubongo. Malezi yanaingia mwilini, mwanangu.

Wewe ulizaliwa njiti. Inkubeta wodini hazikutosha, mkalazwa wawili wawili, na muuguzi akatufundisha kangaruu: mtoto na nepi tu, ngozi kwa ngozi kifuani, usiku na mchana. Njia hiyo aliianzisha daktari Edgar Rey huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, naye akisukumwa na uhaba kama wetu. Kidonda changu cha upasuaji kilipoanza kutoa usaha, baba yako akavua shati, nikamfunga nawe kwa kanga yangu. Baba yako mkubwa akaja kutujulia hali, akacheka wodi nzima ikisikia: "Mwanamume gani huyu anaatamia?" Hadi leo tukikutana msibani salamu yangu kwake ni fupi. Baba yako hakumjibu hata neno. Alikuwa anasikiliza pumzi zako, zilizokuwa zikikatika, zikaanza kwenda sawa.

Huyo mwepesi wa kushtuka ndiye aliyekutuliza! Utasema, mama, sisi si panya. Kweli. Na mdogo wako alizaliwa na uzito wake, hakubebwa hivyo hata siku moja, na radi ikipiga yeye analala. Hapo hoja yangu inayumba. Hata hivyo, damu haifanyi kazi peke yake, na kifua kile sitakubali kisihesabiwe.

Hukumu umeitaka, sikupi, ingawa ulimi unaniwasha. Ukinibana sana nitasema woga ni wa baba yako, na ujasiri wa kukaa nao pia ni wake.

Mtoto akija kabla ya siku zake, msichelewe. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto wa uzito mdogo, wengi wao njiti, waliowekwa kifuani mara tu walipozaliwa walipungukiwa na vifo kwa takriban robo, kuliko waliosubirishwa hali itengemae kwanza. Mwambie mumeo mapema, naye zamu yake ipo. Baba yako mkubwa nitamzuia mwenyewe mlangoni.

Mama yako