Video ya mapigano ya Msumbiji: ikague kabla ya kuituma

Ndugu uliyeuliza kama video inayozunguka Mtwara ni ya leo kutoka Palma (mji wa jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji), anza na magari. Msumbiji, kama sisi Watanzania, huendesha kushoto. Magari ya raia yakishika kulia kwenye lami, hapo si Cabo Delgado. Kongo, kwa mfano, ndiko wanakoendesha kulia. Ila tazama vibao kwanza: maandishi yakisomeka kinyumenyume, video imegeuzwa kama kwenye kioo na kigezo cha barabara hakifai tena. Lugha nayo husaidia (Kimakonde, Kimwani, Kireno, hata Kiswahili), lakini sauti hubandikwa upya kirahisi.

Piga skrinishoti 3 au 4 zenye jengo au kibao, kata maneno yaliyobandikwa juu, pakia Google Lens (hutafuta mtandaoni kwa kutumia picha) uone kama zilishawahi kuchapishwa. Palma ilishambuliwa 24 Machi 2021, hivyo picha za siku zile ni rahisi kuuzwa kama za leo. Ukikosa matokeo usiseme ni mpya. Picha yenye ukungu huenda isitambulike hata kama ni ya zamani.

Na tafadhali, msafara wa askari wetu kuelekea mpakani Mtambaswala au Kilambo usiurekodi. Sura ya askari aliyeuawa usiirushe: mama yake anaweza kuiona kabla jeshi halijamfikia.